Mlango wa Arusha: Mahakama ya Afrika na Sisi Tulio Mbali

(Mada iliyotolewa kwenye mkutano wa Watanzania na majirani zao wa Afrika Mashariki, Birmingham, Uingereza)



Wapo walioona jina langu kwenye ratiba wakauliza, muuguzi na mambo ya mahakama wapi na wapi? Ni swali halali. Mimi si mwanasheria. Lakini hukumu nitakazozitaja jioni hii ziko wazi kwa yeyote anayetaka kusoma, na nyingi zinawahusu watu ambao wenyewe hawakuwa na mwanasheria. Kama walalahoi wa gerezani waliweza kuandika malalamiko yao hadi yakafika mbele ya majaji wa bara zima, sisi wenye digrii na intaneti hatuna kisingizio cha kutoyajua.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mtu akisikia "mahakama ya Arusha" anaweza kuwa anafikiria mahakama tatu tofauti. Ya kwanza ni ile ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Hiyo ilianza mwaka 1995 na ilifungwa mwaka 2015. Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo ni ya Jumuiya yetu. Ya tatu ndiyo mada yangu: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, chombo cha Umoja wa Afrika. Hii ilianza kazi Addis Ababa mwaka 2006, na mwaka 2007 ikahamia Arusha, kwenye majengo ya TANAPA barabara ya Dodoma. Ina majaji 11 kutoka nchi mbalimbali. Rais wa Mahakama peke yake ndiye mwajiriwa wa muda wote, wengine wanakuja kwa vikao. Watanzania wawili wameshakuwa marais wake: marehemu Jaji Augustino Ramadhani, na Jaji Imani Aboud aliyeiongoza kuanzia 2021 hadi 2025.

KWA NINI ILICHELEWA

Wazo la mahakama hii ni la zamani kuliko wengi wetu humu ndani. Wanasheria wa Afrika walikutana Lagos Januari 1961 wakapendekeza bara liwe na mkataba wa haki za binadamu na mahakama ya kuusimamia. Miaka miwili baadaye viongozi wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mahakama haikuwemo. Kanuni iliyotawala ilikuwa moja: usiingilie mambo ya ndani ya mwenzako.

Matunda ya kanuni hiyo tuliyaona hapo hapo jirani. Mwaka 1975 kikao cha wakuu wa nchi kilifanyika Kampala, na Idi Amin akapewa uenyekiti wa Umoja mzima huku Waganda wakiuawa. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilisusia kikao kile. Naomba mlikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi Juni 1981 na ukaanza kutumika Oktoba 1986. Hata hapo mahakama haikuundwa. Iliundwa Tume, yenye makao Banjul, Gambia, ambayo inasikiliza malalamiko na kutoa mapendekezo. Pendekezo, ndugu zangu, ni neno la heshima tu. Serikali inaweza kulipokea, kushukuru, na kuliweka kabatini. Ndiyo maana Juni 1998 huko Ouagadougou, wakati Katibu Mkuu wa Umoja akiwa ndugu yetu Salim Ahmed Salim, ikapitishwa Itifaki ya kuanzisha Mahakama ambayo hukumu zake zinaifunga serikali. Itifaki ikaanza kutumika Januari 2004. Kutoka Lagos hadi hapo ni miaka 43.

KUFULI LENYEWE

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mchezo. Nchi kuridhia Itifaki hakumaanishi kwamba raia wake anaweza kwenda Mahakamani. Kifungu cha 34(6) kinasema nchi lazima iweke tamko la ziada, tofauti kabisa, kukubali kushtakiwa na watu binafsi na asasi zisizo za kiserikali. Bila tamko hilo, raia hana mlango wa kupita mwenyewe.

Nchi 34 zimeridhia Itifaki. Zilizowahi kuweka tamko ni 12 tu. Kenya iliridhia mwaka 2004, haikuweka tamko. Uganda iliridhia mapema zaidi, haikuweka tamko. Tanzania iliridhia mwaka 2006 na ikaweka tamko Machi 2010. Tuipongeze kwa hilo, maana majirani hao wawili hawakuthubutu.

Hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama, Desemba 2009, inaonyesha uzito wa kufuli hilo. Mtu mmoja aliishtaki Senegal kuhusu kesi ya Hissène Habré, dikteta wa zamani wa Chad. Majaji wakasema Senegal haijaweka tamko, hatuna mamlaka, kesi imekwisha.

KESI ZA NYUMBANI

Kesi ya kwanza ambayo Mahakama iliamua kiini chake ilitoka Tanzania, na aliyeipeleka mnamfahamu: Mchungaji Christopher Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Hoja ilikuwa mgombea binafsi. Kwa nini Mtanzania asiyetaka chama chochote anyimwe haki ya kugombea?

Safari ya Mtikila inafaa kufundishwa shuleni. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi. Serikali ikaharakisha kubadili Katiba ili ushindi ule usiwe na kazi. Akarudi Mahakama Kuu, akashinda tena mwaka 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikisema hilo ni suala la kisiasa la kuachiwa Bunge. Nyumbani ngazi zikawa zimeisha. Akaenda Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ikasema Tanzania imekiuka Mkataba. Mwaka uliofuata, katika uamuzi wa fidia, hakupewa hata senti kwa sababu hakuthibitisha hasara aliyodai. Lakini serikali iliamriwa kuchapisha muhtasari wa hukumu kwa Kiingereza na Kiswahili, kwenye gazeti la serikali na gazeti la kawaida. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na mgombea binafsi hajamwona.

Nyingi ya kesi zilizofuata zilitoka magerezani. Mmoja wa wafungwa hao alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Hakuwa na wakili, na alipokuwa mgonjwa kesi iliendelea bila yeye kupata nafasi ya kujitetea. Novemba 2015 Mahakama ikasema haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa, na kwamba mtu anayekabiliwa na kosa zito hivyo na hana fedha anapaswa kupewa wakili bure hata kama hakuomba. Mimi kazi yangu ni wagonjwa. Najua mtu mwenye homa kali anavyoshindwa hata kutaja tarehe yake ya kuzaliwa. Sasa mpe kesi ya miaka 30 ajitetee. Mwaka 2017 Tanzania ilipata Sheria ya Msaada wa Kisheria. Sitadai kwamba ni Arusha peke yake iliyoileta, lakini tusijifanye kwamba hukumu hizo hazikusomwa.

Kesi nyingine inatuhusu sana sisi wa ughaibuni, kwa sababu ni ya uraia. Kijana mmoja mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kushughulikia taratibu za ndoa yake. Ndoa, jamani! Wakatilia shaka uraia wake, pasipoti ikachukuliwa, na mwaka 2014 akasukumwa Kenya. Kenya nayo ikasema si wetu. Akabaki mpakani Sirari, kwenye kipande cha ardhi kisicho cha mtu. Machi 2018 Mahakama ikasema mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia ulikuwa juu ya serikali, kwa sababu yeye alikuwa na nyaraka za serikali hiyo hiyo. Kila mmoja wetu aliyewahi kusimama dirishani akiulizwa "wewe ni wa wapi hasa?" aipime hukumu hiyo.

Kisha kuna hukumu ya kifo. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama iliamua kwamba sheria yetu inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji, bila kuangalia mazingira yake, inakiuka haki ya uhai. Mahakama ikasema pia kwamba kunyonga ni kudhalilisha utu.

Tuko Birmingham, kwa hiyo niwakumbushe historia ya mji huu. Novemba 1974 mabomu yalilipuka kwenye baa mbili katikati ya mji, watu 21 wakafa. Mwaka uliofuata Wairish sita wakahukumiwa kifungo cha maisha. Walikaa ndani hadi Machi 1991, ndipo mahakama ikakubali kwamba hatia ile haikuwa salama, wakatoka. Laiti Uingereza ingekuwa bado inanyonga, watu gani wangefunguliwa milango mwaka ule?

Na ya mwisho kwa upande huu. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuchunguza uchaguzi huo. Wakili Jebra Kambole alilipeleka Arusha, na tarehe 15 Julai 2020 Mahakama ikasema ibara hiyo inakiuka Mkataba, ikaipa serikali miaka miwili kuirekebisha. Linganisheni na majirani. Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa Rais, na mwaka 2020 Malawi ikafanya hivyo hivyo. Nchi hizo zipo bado, hazikuanguka.

Miaka miwili ilipita. Oktoba 29, 2025 Watanzania walifanya uchaguzi na ibara ile ikiwa pale pale. Rais Samia akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Mnajua yaliyotokea siku zile: maandamano, risasi, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, intaneti kuzimwa, nasi huku tukipiga simu ambazo hazikupokelewa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa na sitaitaja. Ninachosema ni kimoja. Mwenye mashaka na matokeo hakuwa na jaji wa kumpelekea karatasi zake. Ukimfungia mtu mlango wa mahakama, hasira yake haipungui, inabadilisha njia tu.

KWA NINI TULIONDOKA

Novemba 2019 serikali ya Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lake, wiki moja tu kabla ya hukumu ile ya kifo kusomwa. Kuondoka kukawa kamili Novemba 2020. Waliokwisha kufungua kesi kabla ya hapo waliendelea. Waliochelewa wakakuta kufuli.

Tuwatendee haki serikali, tusikilize hoja yao. Walisema tamko lilikuwa na masharti, kwamba mtu amalize kwanza ngazi zote za nyumbani na Katiba iheshimiwe, na masharti hayo hayakufuatwa. Wengine wakaongeza kwamba Arusha imegeuka mahakama ya rufaa ya wahalifu. Tena takwimu zinauma: Amnesty International ilihesabu kwamba hadi Septemba 2019, katika maamuzi 70 ya Mahakama, 28 yalihusu Tanzania. Asilimia 40! Kuna mtu aliniambia hiyo ni aibu, kama vile sisi ndio wakorofi kuliko Afrika yote.

Sikubaliani. Wodi inayoandika kila mgonjwa aliyeanguka kitandani itaonekana mbaya kuliko wodi isiyoandika chochote. Kesi zetu zilikuwa nyingi kwa sababu mlango ulikuwa wazi, Mahakama ipo mjini kwetu, na wafungwa wakapeana habari. Hizo nchi zisizo na kesi nyingi hazikuwa safi, zilikuwa zimefunga. Na kuhusu rufaa, Mahakama yenyewe imesema mara nyingi kwamba haikai juu ya Mahakama ya Rufani. Inachopima ni kama utaratibu ulifuata Mkataba tulioutia saini kwa mikono yetu.

Wala hatukuwa wa kwanza. Rwanda iliondoa tamko mwaka 2016 wakati kesi ya mwanasiasa Victoire Ingabire ikiwa mbele ya Mahakama. Majaji wakasema kuondoka kunahitaji notisi ya mwaka mmoja na hakufuti kesi iliyoanza. Novemba 2017 wakaamua kwamba uhuru wake wa maoni ulivunjwa. Baada yetu wakaondoka Benin na Ivory Coast mwaka 2020, na Machi 2025 Tunisia nayo ikatoa taarifa. Ukanda wa kusini nao una somo lake. Mahakama ya SADC huko Windhoek iliihukumu Zimbabwe katika kesi ya mashamba mwaka 2008, na mwaka 2010 wakuu wa nchi wakaisimamisha. Hiyo ndiyo tabia: mpira ukiingia golini kwetu, tunabeba magoli.

Ndiyo maana niliwaomba mkumbuke Kampala 1975. Nchi iliyokataa kukaa meza moja na Amin kwa sababu damu ya raia si "mambo ya ndani", ndiyo hiyo iliyoikaribisha Mahakama Arusha kisha ikawazuia raia wake kuingia.

"LAKINI HAINA POLISI"

Najua swali linakuja. Kama serikali hazitii, mahakama ya nini?

Tuchukue Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 wahame. Kesi ilifika Arusha kupitia Tume, na Mei 2017 wakashinda: ardhi, utamaduni, dini, maendeleo. Juni 2022 Mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa maumivu. Lakini Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zinabomolewa nyumba tena. Tusidanganyane, hiyo ni kasoro kubwa, na Umoja wa Afrika hauna ujasiri wa kuwabana wanachama wake.

Hata hivyo, kabla ya 2017 Waogiek walikuwa wakiitwa wavamizi wa msitu. Baada ya 2017 ni wenye haki ambao hawajalipwa. Tofauti hiyo si ndogo, kila wakili atakayewatetea ataanzia hapo. Sisi wauguzi tunafundishwa kuandika kila dawa tuliyompa mgonjwa, maana usipoandika, mwenzako wa zamu ya usiku atampa tena. Hukumu ni kumbukumbu ya namna hiyo. Serikali inayofuata haiwezi kusema haikujua.

Na kusikilizwa kuna thamani hata kwa anayeshindwa. Muuguzi mwenzetu mmoja wa Exeter alikatazwa kuvaa msalaba kazini. Akafika hadi Mahakama ya Ulaya, Strasbourg, na Januari 2013 akashindwa kwa sababu ya usalama wa wagonjwa. Lakini alijibiwa, kwa sababu zilizoandikwa. Ndugu zetu wangapi nyumbani wanasubiri jibu la aina hiyo tu?

TUFANYE NINI

Nina mambo manne.

Moja: tuombe tamko lirudishwe. Halihitaji kubadili Katiba, kama lilivyoondolewa bila kuibadili. Kila kiongozi anayekuja huku kutafuta uwekezaji wetu aulizwe swali hilo hilo: tamko la 34(6) linarudi lini? Aulizwe kwa heshima, lakini aulizwe.

Mbili: tujue milango iliyobaki. Tanzania bado ni mwanachama wa Itifaki. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwenye Tume Banjul, baada ya kumaliza ngazi za nyumbani, na Tume inaweza kuyapeleka Mahakamani. Ndivyo Waogiek walivyopita, na Kenya haijawahi kuweka tamko. Mlango wa mbele umefungwa, wa uani upo. Pia ipo Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo tangu kesi ya Katabazi dhidi ya Uganda mwaka 2007 imekubali kusikiliza mashauri ya utawala wa sheria. Huko si lazima umalize ngazi za nyumbani, lakini una miezi miwili tu, na mlango ule ni wa wakazi wa nchi za Jumuiya. Sisi wa Birmingham tutegemee ndugu zetu walioko kule.

Tatu: tutunze kumbukumbu. Kama una ndugu aliyepotea au kuumizwa, andika tarehe, saa, mahali, jina la kituo ulichoripoti, tunza cheti cha hospitali. Mtikila alinyimwa fidia kwa kukosa uthibitisho. Mwana kulia, karatasi mkononi.

Nne, na hili litawaudhi baadhi yenu: tusiwe vigeugeu. Juni 2022 ndege ya kupeleka waomba hifadhi Rwanda ilizuiwa dakika za mwisho kwa amri ya Strasbourg. Moja ya sababu zilizozingatiwa ni kwamba Rwanda iko nje ya himaya ya mkataba wa Ulaya. Nami naongeza: Rwanda ilikuwa imekwishaondoa tamko lake, kwa hiyo mtu yule asingeweza kwenda mwenyewe hata Arusha. Tangu hapo wanasiasa wa hapa wanataka Uingereza ijitoe Strasbourg, na Oktoba 2025 chama cha Conservative kilitangaza kwamba hiyo ndiyo sera yake. Nimesikia Waafrika wenzangu wakiishangilia hoja hiyo, ati wakimbizi wamezidi. Hivi tutadai Arusha ifunguliwe huku tukipiga makofi Strasbourg ikifungwa? Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenye kibali cha kuishi hapa wana haki ya kupiga kura kama raia wa Jumuiya ya Madola. Jiandikisheni.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Jengo lipo, majaji wapo, na hukumu zipo zikisubiri kutekelezwa. Kinachokosekana ni karatasi moja yenye saini. Wanaotakiwa kuisaini wanatusomea huku na huko, kwa hiyo wakisoma haya wajue tunasubiri jibu.

Nakaribisha maswali, na anayepinga aje na hoja. Naomba kuwasilisha.